Kipimo cha Mama Mkwe

Emilienne alikuwa na mdomo, na hakuuficha. Mvuvi aliyemletea chisense wenye mchanga, wale samaki wadogo wanaoanikwa ufukoni Kashikishi mpaka ardhi yote inang'aa, alisomewa ukoo wake mzima mbele za watu, kisha akarudishiwa karai lake akachekeche upya, kisha akakaribishwa chai. Alitoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, mjane kijana mwenye binti mmoja mgongoni, na kwa miaka mingi alivuka Ziwa Mweru huku na huko, akipeleka samaki na kuleta vitenge na sabuni. Mashua ikiyumba katikati ya maji na wanaume wakianza kusali, yeye aliwauliza kama dhambi zao ni nyingi kiasi hicho. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye mdomo ule ulifungwa mbele yake. Huyo ni Mulenga, mzaliwa wa Puta, kijana mpole aliyemwoa Deborah, yule binti wa mgongoni. Kwenye ziwa hili mama mkwe na mkwe hawatazamani. Mkwe akitokea njiani, mama mkwe anaingia majanini. Hawali chungu kimoja, hawatajani majina, na neno la mmoja humfikia mwenzake kupitia kwa mtu wa tatu hata kama wamesimama pande mbili za ukuta uleule. Zipo familia zinazompikia mkwe karamu na kumfungulia mlango, ndipo mambo yanalegea kidogo. Karamu ya Mulenga ilikuwa ipikwe mwaka ule André, kaka yake Emilienne, alipoanza kuumwa. Ikaahirishwa, na haikupikwa tena.

Na kazi ya Mulenga, Mungu anisamehe, ilikuwa kutazama choo cha watu. Alikuwa mtu wa maabara katika kliniki ndogo nyuma ya soko, peke yake, na hadubini yake na dirisha lake. Wagonjwa walimletea vitu vyao ndani ya viberiti, vimefungwa kwa majani ya migomba, wakiviweka mezani huku wanatazama pembeni. Ziwa letu lina bilharzia, na anayeona damu chooni hasumbuki kuuliza ni nini. Ni bilharzia. Anakunywa vidonge, anarudi majini.

Hivyo ndivyo André alivyokwenda. Alipata damu, akanywa vidonge. Akapata tena, akanywa tena. Akakonda mpaka kola ya shati ikawa pana kuliko shingo. Walipompeleka hospitali kubwa ya Kitwe alifunguliwa tumbo, likafungwa, akarudishwa afie nyumbani. Daktari mmoja mzungu aliyekuwa akija kliniki kwa zamu aliwauliza wanafamilia maswali mengi. Baba yenu alikufa na nini? Tumbo, damu. Shangazi yenu? Tumbo. Yule mzungu akavua miwani.

Akawaeleza taratibu, Mulenga akitafsiri, na Emilienne amekaa nyuma kabisa na kitenge mpaka puani kwa sababu mkwe ndiye anayezungumza. Ugonjwa huu ni kansa ya utumbo mpana, alisema, na kuna nyumba unazozipenda. Unaanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, hakiumi, kinadondosha damu ambayo jicho haliioni. Ukikutwa wakati huo unakatwa, na mtu anarudi kwenye kazi zake. Mkingoja mpaka uanze kuuma, mmengoja sana. Akatoa boksi la kadi. Mtu anapaka choo chake kidogo juu ya kadi, Mulenga anadondoshea dawa, na kama pana damu iliyojificha, karatasi inageuka buluu. Mwenye buluu aende Kitwe akachunguzwe ndani. Aanze Emilienne, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki, na apimwe kila mwaka. Akikutwa safi, Deborah anaweza kungoja miaka kadhaa. Akikutwa na damu, Deborah apimwe siku hiyohiyo.

Hapo palikuwa wazi kabisa, na kila mtu alielewa. Emilienne naye alielewa. Lakini alipofika nyumbani na kadi yake aliitazama kama mtu aliyeletewa nyoka.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Beauty, jirani yake na mshirika wake wa biashara, akichekecha samaki.

"Beauty, leo umeenda chooni?"

"Mayo! Njo salamu gani hii?"

"Jibu tu."

"Bado. Juu ya nini?"

Emilienne akamwonyesha kadi, akamweleza. Beauty alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Sasa unalia nini? Paka kidogo, peleka, basi."

"Nipeleke kwa nani? Kwa mukwe wangu! Miye nichukue mavi yangu, nimupatie mume ya mutoto wangu, aitazame na macho, asikie harufu? Na kesho tunakutana kwa njia, anajua miye ndani niko namna gani? Hapana, Beauty. Afadhali nikufe."

Watu husema hivyo kila siku, kwa viatu vinavyobana na kwa jua kali. Beauty hakulitilia maanani. Yeye si mkwe wa mtu yeyote pale, na Mulenga kwake alikuwa kijana wa kliniki tu.

"Leta kadi yako," alisema, akijipangusa machozi ya kicheko. "Yangu haina haya."

Ndivyo kadi ilivyokwenda kliniki na jina la Emilienne juu yake na choo cha Beauty ndani yake. Jioni Mulenga alikuja akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, akamwambia Deborah, na Deborah akamwambia mama yake aliyekuwa upande wa pili akisikia kila neno.

"Mama, anasema haina damu. Uko muzima. Lakini aliona mayai ya minyoo, anakutumia dawa."

Emilienne alipokea vidonge kwa mikono miwili, akashukuru kupitia kwa binti yake, akampelekea Beauty. Beauty akavinywa. Walicheka habari hiyo mwaka mzima, wale wanawake wawili, na nisingependa kuwalaumu kwa kucheka, maana Emilienne hakuumwa popote. Alikuwa na nguvu za kubeba gunia kichwani na kugombana na mtu wakati huohuo. Mwaka uliofuata wakarudia mchezo wao, na kadi ikawa safi tena. Deborah alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote kwa uzima wa mama yake.

Kisha vita vikaja upande wa Kongo. Mashua zilizokuwa zikibeba samaki zilianza kubeba watu na magodoro. Biashara ikafa, chakula kikawa haba, na kila mtu Kashikishi akakonda, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Emilienne alipokonda. Yeye mwenyewe alishaona damu. Alinunua vidonge vya bilharzia sokoni, akanywa, akanunua tena. Kitenge kilipolegea kiunoni alikikaza. Beauty alipomuuliza alisema ni vita. Alikuwa ameshamwona André akienda njia hiyo hatua kwa hatua, na bado alisema ni vita, kwa sababu kusema jambo lingine kungempeleka palepale kwenye meza ya Mulenga.

Alianguka ufukoni mchana kweupe, na karai likamwagika. Kitwe hawakumfungua hata tumbo; waliligusa, wakatazamana, wakasema ini limeshajaa. Akarudishwa kwenye chumba chake karibu na soko, alale.

Deborah alikuja kila siku kumwosha na kumpikia uji. Mulenga naye alikuja kila siku baada ya kazi, akasimama nje chini ya dirisha, akauliza kupitia kwa mkewe mama ameamkaje. Emilienne alikuwa akiisikia sauti ile ikipungua siku hadi siku. Na siku moja aliisikia ikisema jambo ambalo halikuwa la kumfikia yeye.

"Miye njo nilimuua, Deborah. Ile kadi niliisoma mi mwenyewe, mara mbili. Nilisema haina damu. Labda dawa ilikuwa imeharibika. Labda macho yangu."

"Wacha kusema vile."

"Sitasoma tena ile kadi kwa mutu. Nilishaweka boksi kwa kabati. Na batoto ya mjomba André nimebaambia basilete kitu, ile kipimo inadanganya batu."

Emilienne alilala akitazama bati. Aliona uchungu wa kijana wa watu, na ulimuuma, lakini bado haya ilikuwa kubwa kuliko uchungu huo. Alijiambia atamwombea. Mgonjwa anayekufa haachi kuwa mtu mwenye haya zake, na anayedhani kifo kinatuvua heshima hajawahi kukaa karibu nacho.

Kilichomvunja kilikuja na bakuli la uji. Deborah alikuwa ameshika ukuta, ameinama.

"Una nini?"

"Hapana kitu, mama. Kizunguzungu. Tangu nilizala huyu wa mwisho minaonaka damu kidogo chooni. Mulenga alisema njo bilharzia, alinipatia dawa."

"Damu?"

"Kidogo tu."

Emilienne alisukuma bakuli, uji ukamwagika mkekani. Mwanawe. Yule wa mgongoni, aliyevuka naye ziwa akimpigapiga makalio alale. Angepimwa zamani, tangu mwaka ule wa kwanza, kama karatasi ile ingesema kweli, na sasa hakuna atakayempima kwa sababu karatasi ile ilisema uongo ambao mama yake ndiye aliyeutunga. Aliogopa kuliko alivyoogopa kifo chake mwenyewe. Kufa kwake alishakukubali. Hili hakuwa na mahali pa kuliweka.

Alimwambia palepale. Alimwambia Deborah kila kitu, kadi, Beauty, vidonge vya minyoo, huku ameufunika uso kwa mkono. Deborah alisikiliza, akatoka nje kumngojea mumewe. Mulenga alipofika, Emilienne alisikia minong'ono ya muda mrefu chini ya dirisha. Kisha binti yake akarudi, macho mekundu.

"Hasadiki, mama."

"Namna gani hasadiki?"

"Anasema unasema vile juu ya kumutuliza roho. Anasema ulimusikia analia, una huruma, unataka kujitwika makosa yake. Anasema nikuambie aksanti sana. Lakini hatapima mutu."

Huo ndio wema wa Mulenga, na wema huo ulikuwa unamuua mkewe. Emilienne alicheka kidogo, kicheko kibaya kilichomtonesha tumbo. Maneno yaliyopita kwa mtu wa tatu yalikuwa yamefika yamevaa nguo za heshima, na ndani ya nguo hizo hakuna aliyeweza kuuona ukweli. Akajiinua kwa kiwiko.

"Mulenga!" aliita.

Deborah alishika mdomo. Katika ndoa yote ile jina hilo halijawahi kutoka kwenye kinywa cha mama mkwe.

"Mulenga, ingia humu. Usimutume mutu. Weye mwenyewe."

Aliingia ameinamisha kichwa, mabega yamekunjamana, akapiga magoti karibu na mlango, akatazama sakafu. Chumba kilikuwa na harufu. Emilienne alijua kina harufu, na alijua ni yake.

"Mukwai, mama," aliitika kwa heshima, kwa sauti ndogo.

"Niangalie kwa uso."

"Mama, siwezi."

"Niangalie! Unazani miye naweza? Sina nguvu ya kungoja weye ukomae."

Akainua macho. Emilienne naye hakuyakwepa. Aliona kwamba mkwe wake ana kovu dogo juu ya nyusi, kovu ambalo miaka yote hiyo hakulijua.

"Ile choo haikuwa yangu. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya Beauty, mwaka wa pili ilikuwa ya Beauty. Ile minyoo uliona, ya Beauty. Dawa alikunywa yeye. Muite, muulize. Sikukupatia yangu hata siku moja, juu nilisikia haya weye kuiona. Sisemi vile juu ya kukutuliza. Mwanamuke gani ataita mukwe wake ndani ya harufu hii, amuongelee mavi, juu tu ya kumutuliza? Macho yako haina kitu. Dawa yako haikuharibika. Ulisoma muzuri mavi ya mutu mwingine."

Mulenga alibaki amepiga magoti. Uso wake ulipita kwenye mambo mengi, na la mwisho lilikuwa hasira, ambayo hakuna mtu Kashikishi aliyewahi kuiona kwake.

"Juu ya haya," alisema.

"Juu ya haya."

"Mama, mi naangalia choo ya batu yote hapa. Ya mwalimu, ya pasta, ya mwizi. Nikitoka kwa mulango nimeshasahau ni ya nani. Sikumbukake hata moja. Hata yenu, mama, singeikumbuka!"

Machozi yalikuwa yakimtoka mkwe wake, yakianguka mkekani penye uji, na Emilienne akanyoosha mkono akamshika kichwani, jambo ambalo lingewatimua majirani wote mbio kama wangeliona.

"Deborah anatoka damu," alisema. "Umesikia? Chukua ile boksi. Pima bibi yako."

Siku zile za kungoja Emilienne hakula kitu. Deborah alikatazwa nyama, kama mzungu alivyofundisha, akapaka kadi zake, naye Mulenga akakaa na dirisha lake na dawa yake. Beauty alikuja akakaa miguuni pa kitanda, akasugua nyayo za rafiki yake kwa mafuta, akalia bila kuacha kusugua. Emilienne alimkemea.

"Weye ulinisaidia. Miye njo niliomba."

"Nilizani tunacheza," alisema Beauty.

Mulenga aliporudi hakusimama chini ya dirisha. Alipita mlangoni, akaketi kwenye kigoda, akamtazama. Deborah alikuwa nyuma yake, ameshika fremu ya mlango.

"Sema," alisema Emilienne.

"Imegeuka buluu, mama."

"Yote?"

"Yote."

Angeweza kumdanganya. Mtu anayekufa hudanganywa kila siku, tena kwa mapenzi, na nadhani hata majirani wangemsifu. Hakumdanganya, na Emilienne alimwinamishia kichwa kama anavyoinamishiwa mtu mkubwa.

"Bus ya Kitwe inatoka kesho asubuhi. Mupande."

"Mama, na ninyi? Hali yenu..."

"Miye nakufa, Mulenga, unajua kusoma. Mukisikia nimekufa, musirudi. Usikuye kwa kilio yangu. Kama utamuacha mutoto wangu kitandani juu ya kuja kunitupia udongo, sitakusamehe huko niko."

Deborah akamwangukia mama yake kifuani. Mama alimwacha alie kidogo tu, kisha akamwambia akafunge nguo, na asisahau sweta, Kitwe kuna baridi wakati huu.

Alikufa wakiwa bado huko, mkono wake ndani ya mkono wa Beauty. Alizikwa Kashikishi, mvua ikinyesha, na wavuvi aliowatukana walibishana nani abebe jeneza. Mkwe hakuonekana. Kwetu mkwe asiyekuja kumzika mama mkwe amejichafua kwa maisha yake yote, na wanawake makaburini hawakungoja hata udongo ukauke. Wakasema huyo Mulenga hana adabu, wakasema elimu imempanda kichwani, wakasema mengine ambayo sitayaandika. Beauty aliwajibu kwa sauti mpaka akakaukiwa, lakini hakuweza kuwaambia sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa haya ya marehemu.

Saa hizohizo Deborah alikuwa kitandani Kitwe, tumbo limeshonwa, Mulenga pembeni yake kwenye benchi. Habari za msiba zilikuwa zimewafikia asubuhi. Daktari wa pale, mwanamke mwenye haraka lakini si mkali, alisema wamekata walichokiona, ila ugonjwa ulikuwa umeanza kutoka nje ya utumbo, na angekuja miaka miwili nyuma wangezungumza mambo mengine. Kisha akaanza kuuliza habari za familia. Babu? Tumbo. Mjomba? Tumbo. Mama?

"Amekufa juzi," alisema Deborah. "Ugonjwa huuhuu."

"Na mama hakuwahi kupimwa kabla?"

Mulenga alifungua mdomo. Deborah akamshika goti, akajibu mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Mama hakupimwa hata siku moja."